Raha Yarudi Mtoni

Motaboti ilikuwa imefungwa kwa mnyororo pale kivukoni, na askari mmoja alikuwa anailinda kama vile ingeamua kutoroka yenyewe. Nyeupe pee, ubavuni imeandikwa RAHA kwa rangi nyekundu, na katikati ina kijumba cha mbao chenye vidirisha vya vioo na pazia la maua. Ifakara ilikuwa haijaona kitu kama kile. Watu waliozoea mitumbwi ya kuchonga waliiita "nyumba iliyolewa", maana hata ikifungwa ilikuwa haitulii.

Sajini Donati aliikagua kwanza akiwa nchi kavu, kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari anayesemekana hupiga teke. Mbele, sawa. Ubavuni, sawa. Nyuma, mbao zimepakwa rangi vizuri, na kifundo kimoja cheusi cha mti karibu na maji. Hakuna tundu la risasi. Hakuna damu.

Donati alikuwa Mpogoro wa milimani, Mahenge juu. Katika kazi yake ya upelelezi alishapanda baiskeli, malori ya mpunga, na siku moja mgongo wa mwizi aliyekataa kusimama. Motaboti alikuwa hajapanda. Kuogelea pia alikuwa hajui, ila hilo halikuandikwa kwenye faili lake na hakuona sababu ya kulitangaza.

"Afande," askari akasema, "pantoni imeshaitwa ng'ambo. Wanasema Landrova ya Inspekta imeonekana njia ya Mahenge."

"Imeonekana wapi?"

"Imekwama kwenye tope. Lakini wanaisukuma."

Mungu aliyebariki masika ya mwaka ule wa 1957 alikuwa amembariki na Donati. Tope lile ndilo muda aliokuwa nao. Inspekta akivuka, anamchukua mtuhumiwa, anakwenda naye moja kwa moja mpaka Morogoro kujibu shitaka la kuua. Na shitaka lile halina faini. Mwisho wake ni kamba.

"Nileteeni fundi," akasema.

Ushahidi ulikuwa umekaa vizuri mno, na hilo ndilo lililokuwa linamwasha. Wiki iliyopita Haidari, tajiri wa mpunga na mwenye Raha, alipanda boti hii na fundi wake Ponsiano, wawili peke yao, kwa safari ya kwanza kabisa, kwenda Mofu. Kabla ya kuondoka waligombana mbele za watu. Fundi alitaka waizungushe kwanza hapa karibu, Haidari akamwita mwoga. Ndipo Ponsiano akatamka neno lililosikiwa na kila muuza samaki: "Haya twende, lakini leo mmoja wetu harudi." Dakika chache baadaye ukasikika mlio, puu! Kuna walioapa ni bunduki. Boti ikaondoka. Mchana, mvuvi Melkiori akaikuta imepanda kwenye fungu la mchanga chini ya kona ya viboko, fundi kalala ndani hajitambui, Haidari hayupo. Mwili wake uliokotwa baadaye kwenye matete. Hauna risasi wala jeraha. Una maji tu.

Ponsiano aliletwa na pingu mikononi. Kijana mwembamba, kucha zina grisi ambayo hata mahabusu haikuitoa.

"Ule mlio," Donati akasema. "Sema tena."

"Afande, si nimeshasema mpaka ulimi umeota sugu. Injini iligoma. Nikapiga hendeli, ikagoma. Nikapiga kwa hasira, ikalia puu chini ya sakafu, ikawaka. Hizi za petroli zinabeua."

"Zinabeua."

"Kama mtu aliyekula maharage."

Askari akacheka. Donati akamtazama, kicheko kikarudi kilikotoka.

"Na 'mmoja wetu harudi'?"

"Nilijisema mimi! Sijui kuogelea, afande. Mto umefurika, mvua inapiga, boti sijaizoea, nisiogope? Nilimaanisha atarudi yeye."

"Karudi nani?"

Ponsiano akainamisha kichwa.

"Mlikula nini humo ndani?"

"Hatukula. Tulikunywa chai ya Bi. Asmahani, ya kwenye chupa. Baada ya hapo kichwa kikaanza kunigonga, miguu ikawa si yangu. Marehemu akasema na yeye tumbo linamchafuka. Nilimwona anashika mlango, anatoka akatapike. Basi. Kilichofuata ni Melkiori ananimwagia maji usoni."

Chai. Donati alishakwenda kwa mjane jana yake. Bi. Asmahani alikuwa kwenye eda, kwa hiyo alimhoji akiwa nyuma ya pazia, Donati upande wa huku, shangazi wa marehemu katikati kama mpaka wa nchi. "Chai niliipika mimi na bilauri ya kwanza nilikunywa mimi," sauti ilisema. "Nimuue mume wangu kwa lipi, Sajini? Alikuwa ananichekesha. Wewe mkeo unamchekesha?" Donati alifunga daftari akaaga.

Melkiori alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mtumbwi wake, anasubiri, upondo wake mrefu umelala magotini. Mtu mzima, kifua kama mlango wa ghala.

"Shikamoo, mzee Melkiori."

"Marahaba, Sajini. Bado hujaamini nilichokuambia? Huyu alikuwa amelewa. Katapika, anaongea hovyo, midomo na kucha nyekundu kama kapaka hina."

"Alinuka pombe?"

"Kunuka… kunuka hakunuka. Lakini si kila mlevi ananuka."

"Wewe ukilewa?"

"Mimi mama watoto ananinusa toka ng'ambo."

"Basi huyu kalewa pombe gani isiyonuka?" Hakungoja jibu. "Tunakwenda, wote watatu. Safari ile ile, njia ile ile, milango na madirisha yamefungwa vile vile. Kitu kimoja tu ndicho kitakachopungua: hakuna anayekula wala kunywa. Tukifika salama, nitajua ni chai. Tusipofika salama, nitajua si chai."

Melkiori akamkodolea macho. "Na nani atabaki wa kujua?"

Ndipo Tekla akafika, mke wa fundi. Tangu mumewe akamatwe alikuwa anakuja kila asubuhi na chakula, na kila asubuhi anasema lile lile. Leo alikuja na kibuyu cha uji begani, amekunja khanga kiunoni kama anakwenda kulima.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, dada. Leo hali chakula mpaka turudi. Ni kazi ya serikali."

"Na njaa nayo ni ya serikali?"

Donati akakichukua kibuyu, akanusa, akakigeuza. Katikati ya kitako kulikuwa na kigingi kidogo kama ncha ya kidole, kimechongwa bapa, kimezungushiwa ulimbo mweusi, na juu yake umekatwa msalaba mdogo.

"Kilitoboka?"

"Panya. Nimekiziba."

"Kisafi sana."

"Baba yangu alikuwa mchonga mitumbwi, afande. Sisi tumekulia na vigingi. Msalaba ule ni wake, anaukata kila akiziba, ili maji yajue yana mwenyewe." Akamrudia lile la kila asubuhi. "Mume wangu hajui kuogelea. Mtu asiyejua kuogelea atamtupa mtoni mwenzake anayejua, abaki peke yake na lile dude? Ana wazimu?"

Hilo swali ndilo lililomnyima Donati usingizi, lakini hakumwambia. Alimfungua Ponsiano pingu ya mkono mmoja, akaivaa yeye mwenyewe mkono wa kushoto. Tekla akaruka.

"Unamfunga? Mkizama je?"

"Tukizama tutazama wote, dada. Kwa hiyo nitahakikisha hatuzami."

Ilikuwa kauli nzuri. Aliijutia alipokanyaga ukingo wa boti na Raha ikaegemea upande wake kama inamnusa.

Ndani kulikuwa kudogo, kuna joto, kunanukia rangi mpya. Ponsiano akakaa kwenye usukani mbele, Donati ubavuni pake, kwenye kiti cha marehemu. Utaratibu ni utaratibu: akamtaka fundi aeleze mashine.

"Injini iko hapa chini ya miguu yetu, chini ya huu ubao. Swichi hii ndiyo roho yake, ukiiangusha inakufa. Petroli inapita hapa. Moshi unapita kwenye bomba chini ya sakafu, unatokea nyuma kule kwenye maji."

Donati akatikisa kichwa kama aliyeelewa.

Melkiori alikataa kuingia ndani. "Mimi sijawahi kukaa tumboni mwa chombo," alisema, "mpaka nitakapokufa." Akasimama nyuma kabisa, miguu imepanuka, upondo mkononi, tumbaku shavuni. Donati akafunga mlango kati yao, akafunga vidirisha vyote. Mvua ilikuwa imeanza kunyunya, kama siku ile. Ponsiano akazungusha hendeli. Safari hii injini haikubeua. Iliwaka kwa sauti nzito, kama mtu anayeongea ndani ya pipa.

"Siku ile ilikuwa na sauti hii?"

"Hii hii, afande." Ponsiano akakunja uso. "Ila jana yake nilipoijaribu hapa hapa ilikuwa kali zaidi. Ilikuwa inapasua masikio."

Donati akaliweka neno hilo pembeni.

Kivukoni kukabaki nyuma. Mto ulikuwa umevimba, umekula kingo zake, maji yametambaa mpaka kwenye mashamba ya mpunga hivi kwamba mtu hajui mto unaishia wapi na bonde linaanzia wapi. Matete yanapita madirishani, ndege weupe wanaruka. Donati alishika ukingo wa kiti kwa mkono wenye nafasi, akajiambia kwamba si vibaya. Si vibaya hata kidogo. Inaelea.

Nyuma Melkiori alikuwa anagonga ubavu wa boti kwa upondo. Ko, ko, ko.

"Anafanya nini?"

"Anawaambia viboko tunapita," Ponsiano akasema. "Kwenye mtumbwi ukifika karibu na kona lazima ugonge, waibuke uwaone, usije ukawapanda mgongoni. Kwenye hii hakuna haja, injini yenyewe kelele. Lakini hawezi kuacha. Watu wa mto wakishika chombo, wanakifanyia kama mtumbwi tu."

"Tumefika pale ulipoanza kuumwa?"

"Tumeshapita, afande. Kwenye ule mti uliokatika."

"Na leo?"

Ponsiano akapitisha ulimi midomoni. "Leo nilidhani ni njaa."

Donati naye alikuwa amedhani ni njaa. Kichwa kilikuwa kinamgonga taratibu, kwa mapigo ya injini. Akakumbuka kwamba asubuhi hakunywa hata maji. Basi si chai, akajiambia, akafurahi. Mjane katoka kwenye hesabu. Akataka kuandika, akalitafuta daftari, likawa mbali. Lilikuwa magotini mwake, lakini lilikuwa mbali.

"Ponsiano."

"Mm."

"Nitazame."

Fundi akageuka polepole. Midomo yake ilikuwa imewiva kama aliyekula zambarau. Akatabasamu bila sababu, kisha kichwa kikashuka, kikalala kwenye usukani.

"Acha mchezo," Donati akasema. "Acha mchezo, nakuambia! Nimeshaona mahabusu wa kila aina wanazimia." Akamvuta kwa pingu. Mkono ukaja, mwili ukafuata kama gunia.

Mbele, kupitia kioo chenye matone, mto ulijipinda. Kwenye mpindo kulikuwa na mawe meusi. Kisha jiwe moja likapiga chafya.

Viboko.

Sajini Donati akaamua kusimama. Aliamua vizuri kabisa, kwa moyo wote, na miguu haikusikia. Akatazama kucha zake kwenye ukingo wa kiti. Zilikuwa nyekundu, za bwana harusi. Ufunguo wa pingu uko mfuko wa shati, kifungo cha mfuko kidogo kama punje ya mpunga, vidole vikubwa kama ndizi. Akaachana nacho. Akajitupa sakafuni, akaanza kutambaa kwenda mlangoni, anamkokota Ponsiano kwa mkono wa kushoto, na injini inanguruma chini ya tumbo lake, moto, karibu, kama imelala naye kitanda kimoja.

Mlango ulikuwa wa kusukuma pembeni. Alisukuma mbele. Akasukuma tena mbele. Akapiga kwa kisigino cha buti.

"Mnapigana?" sauti ya Melkiori nje. "Sajini! Kashakuanza?"

"Fu… fungua!"

Mlango ukateleza. Hewa ikaingia na mvua, baridi, tamu kuliko kitu chochote alichowahi kupewa bure. Donati akatapika kwenye miguu ya mzee.

"Yesu na Maria! Viboko mbele! Izimeni!"

"Izime wewe!"

"Mimi najua wapi? Kwani hiyo ina masikio?"

Swichi. Roho yake. Ilikuwa kule mbele, na yeye alikuwa amefungwa kwa mtu aliyelala. Donati akavuta pumzi ya nje mpaka kifua kikauma, akaishika, akajirusha tumbo-tumbo kurudi ndani mpaka mnyororo wa pingu ukamkata kifundo cha mkono, akanyoosha kirungu chake cha polisi kwa mkono wa kulia. Kikakosa. Kikakosa tena. Mara ya tatu akakifyatua kwa hasira na swichi ikaanguka pamoja na kipande cha ubao.

Kimya kikaja kama mlango umefungwa. Raha ikaendelea kwenda yenyewe, polepole, pua imeelekea kwenye ile migongo myeusi. Dume moja likafumbua kinywa, likaonyesha kila lilichonacho.

Ko, ko, ko. Melkiori alikuwa anagonga. Hakupiga kelele, hakuharakisha. Aligonga kama mtu anayebisha hodi nyumba ya mkwe. Kisha akauchomeka upondo mpaka chini, akauegemea kwa kifua kizima, na nyuma ya boti ikazunguka. Kiboko mmoja akazama upande wao. Viputo vikapita chini ya boti, kutoka kulia kwenda kushoto, na Donati akavifuata kwa macho bila kupumua. Vikatokea ng'ambo. Mkondo ukawachukua, ukawarudisha chini, na baada ya muda kitu kikakwaruza: mchanga. Fungu lile lile.

"Hapa ndipo nilipoikuta," Melkiori akasema. "Naona ina mazoea."

Walimlaza Ponsiano mchangani. Mvua ikampiga usoni. Akakohoa, akatapika, akafungua macho, akaanza kulia bila kujua analilia nini. Donati alikaa karibu naye, kichwa katikati ya magoti, mpaka dunia ilipokubali kusimama.

"Hatukula," akasema. "Hatukunywa. Wawili tumeumwa, mmoja hakuumwa. Mzee, wewe kichwa hakikuumi?"

"Kinauma kwa kuwatazama nyie."

"Ulikuwa wapi safari nzima?"

"Nyuma. Si ulinifungia mlango?"

"Moshi ulikusumbua huko nyuma?"

"Moshi gani?"

"Wa injini."

Melkiori akatema tumbaku. "Sajini, huko hewa safi. Moshi sijauona hata wa kuwashia sigara."

Donati akainua kichwa polepole. Akamgeukia fundi.

"Ponsiano, moshi unatokea wapi?"

"Nyuma… karibu na maji. Kuna tundu, linaingia ngumi."

"Mzee alikuwa kasimama juu ya hilo tundu toka kivukoni."

Wakatazamana. Kisha wakaingia majini, maji ya magoti, wakaenda nyuma ya Raha. Mbao nyeupe, laini. Tundu hakuna. Kilichokuwepo ni kile kifundo cheusi alichokiona asubuhi, na sasa akiwa karibu kiasi cha kukibusu, Donati aliona kwamba mti haujawahi kuota kifundo cha mviringo namna ile. Kilikuwa kigingi kinene, kimegongwa ndani mpaka kikalingana na ubao, kimezungushiwa magome ya mti na ulimbo mweusi, kikalainishwa kwa kidole. Donati akafungua pingu upande wake, Ponsiano akapanda ndani, akainua ubao wa sakafu.

"Afande! Bomba limeachia kwenye kiungo! Linapumulia humu humu ndani!"

"Ndiyo ile puu," Donati akasema. "Haikuwa bunduki wala kubeua. Moshi ulikosa njia huku, ukajitafutia njia kule. Mkafunga milango kwa sababu ya mvua, mkakaa juu yake mnakunywa chai. Haidari akajikokota nje kutapika, miguu si yake, akaanguka. Mtu anayejua kuogelea haogelei akiwa nusu maiti. Hakuna aliyemsukuma. Ponsiano, leo unalala kwako."

Fundi alishuka, akasimama majini, mdomo wazi, kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha ya kigeni.

"Nipe kisu, mzee."

Kilichukua muda. Aliyekiweka alikusudia kikae mpaka wajukuu. Mwishowe kikatoka, kizito, ncha ya ndani imeungua nyeusi kama mkaa. Donati akakigeuza kuangalia kichwa, akafuta ulimbo kwa kidole gumba.

Msalaba mdogo.

Melkiori akatazama, akageuka upande wa matete, akaanza kuupangusa upondo wake ambao haukuwa na uchafu. Ponsiano ndiye aliyekitazama kwa muda mrefu. Usiku wa kuamkia ile safari boti ililala kivukoni. Mchana uliotangulia usiku huo mkewe alimletea chakula, akaizunguka Raha, akauliza tundu lile ni la nini, na yeye, kichwa kimezama kwenye injini, hakumjibu.

"Afande," Ponsiano akasema. Sauti ilikuwa imebadilika. "Kitupe."

"Hiki ni kielelezo."

"Kitupe mtoni. Mimi ndiye niliyemuua Haidari. Nilimsukuma. Andika."

"Jana ulilia mpaka ukalowanisha sakafu ya serikali kwamba hukuua."

"Jana nilikuwa sijakiona hicho." Akanyoosha mikono miwili iliyoungana. "Andika, afande. Nitatia dole gumba. Alinitukana, nikamsukuma. Watu walinisikia."

"Hujui kuogelea."

"Andika!"

Donati alikitia kigingi kwenye mfuko wa koti, akairudisha pingu kwenye mkono wake wa kushoto. Kilivuta koti upande mmoja. "Mzee Melkiori," akasema, "turudishe nyumbani. Bila injini. Milango wazi."

Walishuka na mkondo. Melkiori alisimama nyuma, anachomeka upondo, anagonga pale panapohitaji kugongwa, na chini ya miguu yake tundu la bomba lilikuwa wazi, jeusi, linatazama walikotoka.

Pantoni ilikuwa imeshavuka. Landrova imesimama kivukoni imepakwa tope mpaka kwenye paa, na mbele yake Inspekta, kaptula, soksi ndefu, uso mwekundu kwa kusukuma. Nyuma yake watu, maana kivukoni hakuna siri: wavuvi, wauza samaki, wenye baiskeli za kubeba mpunga.

"Sajini! Nani alikuruhusu kutoa ile boti? Kwa nini wewe umelowa? Kwa nini umefungwa pingu wewe?"

Donati akapiga saluti kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukamvuta Ponsiano nusu hatua. "Nimemaliza upelelezi, bwana. Hakuna mauaji. Bomba la moshi limeachia chini ya sakafu, moshi ukawalevya. Marehemu aliangukia majini mwenyewe. Nimeujaribu mimi kwa pua yangu, na mzee huyu ni shahidi. Bwana anaweza kuangalia bomba."

Inspekta aliangalia. Aliinama kwenye kijumba, akainua ubao, akakaa huko muda. Alipotoka alikuwa anajipangusa mikono, na hasira ilikuwa imepungua.

"Kweli limeachia. Sawa. Mfungue huyu mtu." Donati alikuwa tayari na ufunguo. Pingu ikadondoka. "Lakini swali moja, Sajini. Bomba zuri, la chuma. Kwa nini liliachia?"

Wakati ule Tekla alikuwa ameshaingia majini mpaka magotini, kibuyu kwapani. Hakumwangalia mumewe kwanza. Aliangalia chombo, kama wanavyoangalia wote waliokulia mtoni: mbele, ubavu, nyuma. Alipofika nyuma akasimama. Kisha akapiga ukelele, na maneno yakamtoka kwa Kindamba, mfululizo, mkono mmoja unaonyesha tundu, mwingine unapiga paja.

Donati, Mpogoro, ambaye lugha yake ni jirani ya ile, alielewa yote.

"Nani kalizibua? Nani? Mnajua hajui kuogelea, mnampandisha kwenye chombo kina tundu? Nililiziba kwa mikono yangu! Nilikuja usiku yeye amelala, nikagonga mpaka likakaza, ili arudi! Na alirudi! Leo mnalizibua, mnataka afe?"

Kivukoni kote wakatikisa vichwa. Mama mmoja muuza samaki wa kitoga akasema kwa sauti, kwa lugha ile ile, kwamba ni kweli, ni watu gani hao wanaacha boti na tundu, hata mtoto hawezi. Mzee mwingine akaitikia. Hakuna hata mmoja aliyeona kosa liko wapi. Ponsiano alikuwa amekaa chini mchangani, huru, amefunika uso kwa viganja.

Inspekta akatazama huku na huku. "Huyu mama anasema nini, Sajini?"

Mkono wa Donati ulikuwa mfukoni. Kidole gumba kilikuwa kimelala juu ya kichwa cha kigingi, kwenye ile mikato, mmoja kwenda juu, mmoja kukatisha.

"Anasema mumewe hajui kuogelea, bwana."